"Ajali" Nayo Ni Hukumu

Bunduki ya polisi ikimpiga mtu, iwe kwenye mazoezi ya shabaha au kijijini, sisi huku Lunga Lunga tunaambiwa kitu kimoja: tulieni, msihukumu. Sawa. Mimi pia siwapendi wale wanaotangaza muuaji kabla maiti haijafika mochari. Lakini huyo anayetutuliza mwenyewe keshahukumu: "Risasi ilifyatuka kwa bahati mbaya." Keshajuaje, na uchunguzi haujaanza?

Mnamkumbuka Kwekwe Mwandaza? Miaka 14, Kinango, kaunti hii hii yetu, Agosti 2014. Polisi walisema aliwavamia na panga. Msichana akazikwa na hadithi hiyo juu yake. Ikabidi afukuliwe ili mwili ukaguliwe. IPOA ikachunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawafunga maafisa wawili miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Bila kukusudia, ona! Hata mahakama haikusema walipanga. Ila ilifika hapo kwa ushahidi, baada ya mwaka na nusu, wala si kwa taarifa ya jioni ile ile.

Na kwenye mazoezi ukweli ni rahisi zaidi kuupata. Mkufunzi yupo, mashahidi wapo, risasi zinatolewa kwa hesabu. Nani aliikagua ile bunduki? Mbona mtutu ulielekea kwa mtu? Kidole kilikuwa wapi? Leteni daftari la silaha kwanza. Hilo neno "ajali" tutalizungumza baadaye.