Mbwa wa zizini akiletwa nyumbani kwenye watoto

Mzazi anayetafuta mbwa wa ulinzi kwa kawaida huanza na swali la ukubwa: huyu atakua hadi wapi? Kwa Kangal, mbwa wa wafugaji wa Uturuki, jibu linaridhisha. Dume hufika kilo 50 na zaidi, na akisimama, bega lake hufika kama sentimita 75 kutoka chini. Picha zake zinavutia, na sifa inayomfuata ni kwamba ni mpole kwa watoto.

Upole huo ni wa kweli, ila una masharti.

Kangal ametokea mkoa wa Sivas, nyanda za juu za Uturuki, ambako kazi yake ni kukaa na kondoo usiku na mchana na kuwazuia mbwa mwitu. Wachungaji humvalisha shingoni mkanda wa chuma wenye ncha kali ili asikabwe koo. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa ukoo huohuo, Anatolian Shepherd, tangu 1994, ili mbuzi wapone na duma wasipigwe risasi. Hata Tanzania, wafugaji wa vijiji vya jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wamewahi kuwajaribu.

Siri iko kwenye malezi. Mbwa huwekwa zizini angali mdogo, akiwa na wiki chache tu. Analala na mbuzi, anazoea harufu yao na kelele zao, mpaka anawaona ni ndugu zake. Hafundishwi kushambulia. Anachojifunza ni nani wa kwake, na asiye wa kwake humwamulia mwenyewe bila kungoja amri, maana malishoni mchungaji anaweza kuwa mbali.

Sasa mlete mbwa huyo kwenye nyumba yenye ua mdogo. Watoto wa nyumbani, kama amekua nao, ni kundi lake. Binamu aliyekuja likizo si wa kundi. Mtoto wa jirani anayeingia getini mbio akimfukuza mwenzake, huku huyo wa nyumbani akipiga mayowe ya mchezo, ndiye wa kuhofia zaidi: mbwa anaweza kuona kondoo wake anashambuliwa. Kumfunga mnyororo mchana kutwa si dawa, kunamwongezea ukali tu. Na urefu nao una hesabu yake. Mtoto wa miaka mitatu ana wastani wa sentimita 95, kwa hiyo mdomo wa mbwa uko usawa wa uso wake.

Kwa familia isiyo na mifugo wala eneo kubwa, kusema kweli, huyu si mbwa wao. Aliye naye tayari atenge sehemu ya mbwa yenye uzio wake, na wageni wadogo wakifika mbwa awe huko. Mtoto mdogo asiachwe naye peke yake hata dakika tano za kwenda dukani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haihitaji mjadala: ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha ya kurudia kama daktari wa mifugo atakavyopanga, mara nyingi kila mwaka. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyohiyo. Si pilipili, si mafuta ya taa. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Tatizo ni kwamba watoto huficha. Aliyeparuliwa baada ya kumchokoza mbwa anaogopa kugombezwa, ananyamaza, na mama anakuja kuona alama kwenye paja jioni wakati wa kumwogesha. Hata hapo hajachelewa: sabuni kwanza, maswali watafanya njiani kwenda hospitali.