Sadaka isiyoingia kwenye kikapu



Leo, Novemba 24, 2024, Kanisa Katoliki linaadhimisha Sherehe ya Bwana Wetu Yesu Kristo, Mfalme wa Ulimwengu. Tunaingia juma la mwisho la mwaka wa liturujia, na Dominika ijayo tunaanza Majilio. Mwisho wa mwaka kila mwenye duka hukaa na daftari lake, akapiga hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Nasi tukae na letu. Swali la leo ni moja: mwaka huu tumemtolea Mungu nini?

Nauliza kwa sababu ya matukio mawili yaliyofuatana kwa siku mbili tu.

Jumamosi ya Novemba 16, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi, watu wakiwa katika shughuli zao. Zaidi ya watu 20 wamepoteza maisha. Kesho yake, Jumapili, Rais William Ruto wa Kenya alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto jijini Nairobi, akatoa fedha kwa ajili ya kwaya na ujenzi wa nyumba ya mapadre, akaahidi na nyongeza. Mchango na ahadi vilifikia mamilioni ya shilingi za Kenya. Jumatatu, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba fedha hizo zinarudishwa.

La kwanza ni msiba, na la pili limezua mjadala mkubwa wa siasa kwa jirani zetu. Lakini ukiyatazama kwa jicho la imani, yote mawili yanatuuliza sadaka ni kitu gani.

Tuanze na Nairobi. Maaskofu wa Kenya wamekwisha kutoa msimamo kwamba ibada na harambee za kanisa zisigeuzwe jukwaa la wanasiasa. Wapo walioshangaa. Walisema fedha haina dhehebu, na nyumba ya mapadre haijengwi kwa maneno. Hoja hiyo tunaifahamu hata huku kwetu. Ni parokia ngapi zikitaka kuezeka kanisa huanza kwa kujiuliza mgeni rasmi atakuwa nani, kabla ya kujiuliza waamini wenyewe wana nini mikononi?

Kumbuka Injili iliyosomwa katika makanisa yetu Dominika moja kabla ya tukio hilo, Novemba 10. Ilikuwa habari ya mjane maskini katika Marko sura ya 12. Matajiri walitia fedha nyingi katika sanduku la hazina, naye akatia sarafu mbili ndogo. Yesu hakusema fedha za matajiri ni haramu. Alisema wao walitoa katika ziada yao, na yule mama alitoa riziki yake. Wahenga wetu walilijua jambo hili: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mfalme Daudi naye alikuwa na kipimo hicho hicho. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 24, Arauna alitaka kumpa bure uwanja wake wa kupuria nafaka, pamoja na ng'ombe na kuni, ili atoe sadaka. Daudi akakataa. Akalipa, kwa sababu hakutaka kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu chochote. Sadaka, basi, ni sehemu ya mtu mwenyewe. Kile kinachotolewa ili mtoaji aonekane, au ili apewe kura, kina jina lake sokoni, na jina hilo si sadaka.

Sasa jiulize, sehemu kubwa zaidi ya nafsi yako iko wapi? Kwa wengi wetu haiko benki. Iko katika saa nane au kumi tunazotumia kila siku kushona, kufundisha, kuuza, kuendesha gari, kupima wagonjwa, kulima, kupika. Mtu anaweza kuleta noti ya shilingi elfu moja Jumapili, na juma zima lililobaki asilihesabu kuwa linamhusu Mungu.

Kanisa halifundishi hivyo. Alhamisi iliyopita, Novemba 21, imetimia miaka 60 tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati juu ya Kanisa, Lumen Gentium, mwaka 1964. Katika namba ya 34, hati hiyo inafundisha kwamba kazi za walei, sala zao, maisha ya ndoa na familia, hata mapumziko ya mwili na akili, vikifanywa katika Roho, ni sadaka ya kiroho inayotolewa kwa Baba pamoja na Mwili wa Bwana katika Ekaristi. Ndiyo maana padre anapomshukuru Mungu kwa mkate na divai pale altareni, hutaja ardhi, na hutaja pia kazi ya mikono ya watu. Kristo hakuchagua ngano mbichi wala zabibu za mtini. Alichagua mkate, ambao umepitia kwa mkulima, msagaji na mwokaji. Jasho lao liko ndani ya sadaka kabla ya padre kuigusa.

Hapo ndipo tunapofika Kariakoo.

Tuliona sadaka pale. Askari wa Zimamoto na Uokoaji, wanajeshi, polisi, watu wa Msalaba Mwekundu, wafanyabiashara na vijana wa sokoni waliingia kwenye kifusi. Waliokwama chini walipelekewa maji, glukosi na hewa ya oksijeni, na makumi ya watu wakatolewa wakiwa hai. Hakuna aliyepita na kikapu. Mwenye ujuzi wa mitambo alitoa ujuzi wake, na mwenye mikono miwili alitoa mikono hiyo. Naamini Mungu aliipokea, hata kutoka kwa wasiojua kwamba walikuwa wanatoa.

Lakini tuthubutu kuuliza pia lile gumu. Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, aliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, na chanzo cha msiba huu ni kazi ya uchunguzi. Sina ushahidi wa kumhukumu mtu, na sitamhukumu. Ninachosema ni kwamba msiba umetukumbusha jinsi uhai wetu unavyoegemea kazi za watu tusiowajua. Tunalala chini ya zege iliyochanganywa na mtu fulani, kwa nondo zilizofungwa na mtu fulani, kwa ramani iliyopitishwa na mtu fulani.

Biblia haikulisahau hilo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inaagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, asije mtu akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Paa za siku zile zilikuwa bapa na watu walikaa juu yake. Tazama basi: usalama wa jengo umeandikwa ndani ya Sheria ya Mungu, kitabu kile kile kinachoagiza sadaka na sikukuu. Fundi anayeweka ukingo imara anamcha Mungu kwa nyundo na mwiko. Na katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anasema amemjaza Bezaleli roho yake. Bezaleli hakuwa kuhani. Alikuwa fundi wa dhahabu, mawe na mbao.

Tunapenda kuusoma mfano wa talanta katika Mathayo 25 tukiwafikiria waimbaji na wahubiri. Lakini talanta ilikuwa uzito wa fedha, sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kwa siku 300 za kazi kwa mwaka, hiyo ni kazi ya miaka 20. Kwa hiyo hata yule mtumishi aliyepewa talanta moja hakupewa kidogo. Kosa lake halikuwa wizi wala anasa. Aliogopa, akaenda kuifukia.

Leo talanta zinafukiwa hivyo hivyo. Mhandisi anayeona nguzo imepungukiwa nondo na kunyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi, ameufukia ujuzi wake. Mkaguzi anayesaini bila kufika eneo la ujenzi ameufukia. Mwalimu anayejua watoto hawajaelewa na kuendelea na ukurasa unaofuata, muuguzi anayesikia mgonjwa akiita na kuendelea na simu, nao wanachimba shimo. Baadaye kila mmoja wao anaweza kuja kanisani na bahasha nono. Bahasha haifukui kilichozikwa.

Najua utaniambia: Padre, maneno mazuri, lakini parokia inahitaji fedha. Ni kweli. Mtakatifu Paulo mwenyewe alichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na bado alishona mahema pamoja na Akwila na Prisila. Changia kanisa lako. Nakusihi tu usidhani umemaliza.

Nasi viongozi wa parokia tuna la kujiuliza. Isiwe tunamwita seremala mwenye watoto watano, tunamwambia madawati haya ni kwa ajili ya Mungu, kumbe maana yake hatutaki kumlipa. Mfanyakazi anastahili ujira wake, ndivyo alivyosema Bwana katika Luka 10. Akitaka kutoa siku moja bure, hiyo ni sadaka yake. Tukimnyang'anya siku hiyo kwa jina la Mungu, sadaka imegeuka dhuluma, na Mtume Yakobo anasema kilio cha vibarua waliodhulumiwa kinafika masikioni mwa Bwana.

Jumatano hii, Novemba 27, Watanzania tunakwenda kuchagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Uongozi nao ni talanta. Katika Injili ya leo, Yohane 18, Yesu amesimama mbele ya Pilato. Pilato alikuwa na mamlaka, na mbele yake alisimama Mfalme aliyemweleza kwamba amekuja kuishuhudia kweli. Aliijua haki ya mtu yule, akaogopa umati, akamtoa asulubiwe. Naye alifukia. Unapopiga kura, usimtazame aliyechangia nini kwenye harambee. Tazama alichofanya kwa ujuzi na nafasi aliyokuwa nayo jana. Na ukichaguliwa, muhuri wa mtaa utakaokabidhiwa ndio altare yako. Mikataba ya viwanja, barua za utambulisho na migogoro ya majirani ndiyo matoleo utakayoyaweka juu yake.

Kesho ni Jumatatu. Kabla hujafungua duka, hujawasha gari, hujaingia darasani au shambani, simama kidogo. Mwambie Mungu kwa jina kazi utakayoifanya: Bwana, leo nashona sare za watoto wa shule, leo nachanganya zege la ngazi, leo nakagua hesabu za kikundi. Ipokee. Kisha ifanye kama kitu kitakachowekwa altareni. Jioni jiulize kama ulichofanya kingefaa kupelekwa mbele Jumapili pamoja na mkate na divai. Kama hakikufaa, kesho kutwa kuna kazi nyingine.

Tuwaombee marehemu wa Kariakoo wapumzike kwa amani, majeruhi wapone, na familia zao zifarijiwe. Kristo Mfalme atawale mioyoni mwetu na katika kazi za mikono yetu. Nawatakia Dominika njema.