Sahani Isiyo na Jina

Wahenga walituusia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Msemo huu tumeuchapa katika kanga, tumeutia katika mashairi na tumeuhutubia majukwaani, wala hakuna mkutano wa utamaduni unaokwisha pasi na mtu kuutaja. Lakini leo ninauliza, nikiwaomba radhi wale ambao swali litawachoma: asili hiyo tunayoogopa kuiacha, ikiletwa mezani mbele ya mgeni, je, tunathubutu kuitaja kwa jina lake?

Swali hili halikunijia Unguja, ingawa lingestahiki kunijia huku mapema zaidi. Lilinijia Segese. Kwa msomaji asiyepajua, Segese ni kata ya Msalala, mkoani Shinyanga, katika njia itokayo Kahama kuelekea Bulyanhulu. Hiyo ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, wa Bulyanhulu ukafuatia mwaka 2001, na wa Buzwagi ukafunguliwa mwaka 2009, ukakoma kuzalisha mwaka 2021. Baina ya migodi hiyo mikubwa wamo wachimbaji wadogo, wafugaji, wakulima wa mpunga wa majaruba, na akina mama wanaowapikia wote hao.

Kwa mmoja wa akina mama hao, chini ya paa la bati, nilikula ugali wa udaga kwa mlenda na dagaa wa Ziwa waliopikwa kwa karanga. Udaga ni muhogo uliovundikwa, ukaanikwa juani, kisha ukasagwa. Ugali wake una harufu yake na uchachu wake, na asiyeuzoea huukunjia uso tonge la kwanza. Pembeni palikuwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa, na matobolwa, ambavyo ni viazi hivyohivyo vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Ni hekima ya watu wanaoijua njaa ya miezi ya ukame, nao wameitafutia dawa tangu mavunoni. Mama yule hakunihutubia juu ya utamaduni. Aliniambia tu, "Karibu, baba, nawa mikono." Nikanawa, nikala, nikashiba, nikaomba na ya kufungia safari.

Jioni ya pili mwenyeji wangu alitaka kunifanyia heshima, akanipeleka katika mkahawa wa hoteli moja kubwa, katika mji mmoja wa ukanda huohuo. Vitambaa vilikuwa vyeupe, taa zilikuwa hafifu kwa makusudi, na orodha ya vyakula ilikuwa na jalada la ngozi. Ukurasa wake wa kwanza ulijigamba kwamba hapo mgeni ataonja ladha halisi za Kanda ya Ziwa. Nikafurahi. Nikaisoma orodha mara mbili. Palikuwa na minofu ya sato kwa viazi vya kukaanga, kuku wa kuchoma, nyama iliyopewa jina la mji wa Ulaya, na wali. Nikamwuliza kijana aliyetuhudumia kama udaga upo. Akainamisha uso, akacheka cheko la mtu aliyefumaniwa, akasema: "Hicho ni chakula cha nyumbani, baba. Hapa hakipikwi."

Maneno hayo sikuyasahau. Kijana yule ni Msukuma. Bila shaka amelelewa kwa chakula hicho. Akivaa shati la kazi na kusimama katika ukumbi unaodai kuuza ladha ya kwao, amefundishwa kukionea haya. Ladha halisi ya Kanda ya Ziwa imekatazwa kuingia katika nyumba inayoishi kwa jina lake. Simlaumu kijana. Namlaumu aliyeiandika orodha, na zaidi yake nawalaumu sisi tunaokaa mezani tukaipokea orodha hiyo bila ya kuuliza.

Atainuka mtu aniambie kwamba mwenye hoteli ni mfanyabiashara, naye hupika kinachoulizwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mgeni angepewa nafasi ya kuuliza. Kitu kisichoandikwa hakiulizwi, na kisichoulizwa husemwa kwamba hakitakiwi. Tena huyo mfanyabiashara ndiye aliyeandika "halisi" kwa herufi kubwa. Anayeuza neno hawezi kukwepa maana ya neno.

Atainuka mwingine aseme kwamba udaga na michembe ni vyakula vya kimaskini, havina hadhi ya meza hiyo. Huyu namjibu kwa historia. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Kiazi kitamu, mahindi na pilipili tunayojivunia pia vimetoka mabara ya Amerika. Karafuu tuliyoipa kisiwa jina ilitoka visiwa vya Moluku, ikaenea mashambani mwetu katika karne ya 19. Hakuna kati ya hivyo kilichozaliwa na hadhi. Hadhi kilipewa na mikono ya wapishi, vizazi kwa vizazi, mpaka kikawa chetu. Mikono ya Segese ina upungufu gani hata kazi yake isihesabiwe upishi?

Sasa niwageukie wenzangu wa pwani, kwani naona wengine wameanza kutabasamu, wakisema hayo ni mambo ya bara. Mimi ni mtu wa visiwani, na nitasema tunayoyajua. Tunaucheka udaga wa Msukuma, hali katika visiwa vyetu wazee wetu wamekula bada, yaani ugali wa makopa, na makopa ni muhogo mkavu. Ndugu wawili hao wametengana kwa jina na kwa maji ya bahari tu. Wala hapana ajabu, maana wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walishuka Bagamoyo na pembe za ndovu zilizotajirisha mji wetu, na wengine wao wakavuka hadi huku, wakafanya kazi katika mashamba ya karafuu. Tulikula jasho lao; chakula chao tukakiita cha washamba.

Na hiyo bada, msomaji, mara ya mwisho umeiona wapi? Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Bustani ya Forodhani ikatengenezwa upya, ikafunguliwa mwaka 2009. Mikahawa ya juu ya mapaa ikaongezeka, na mgeni hukalishwa juu ya zulia, akasikilizishwa taarabu, akaambiwa anakula chakula cha Waswahili. Katika mmoja wa mikahawa hiyo niliwahi kuletewa vipande vitatu vya muhogo wa nazi katika sahani pana kama ungo, vimepewa jina la kigeni ambalo mpishi mwenyewe, nilipomwita kumpongeza, hakuweza kulitamka. Bei yake ingelisha nyumba ya watu sita kutwa nzima. Muhogo ulikuwa mtamu, siukani. Huko bara chakula kimefungiwa mlango; huku kwetu kimeruhusiwa kuingia kwa sharti la kubadili jina. Sijui ipi kati ya fedheha hizo mbili ni kubwa.

Mwezi Machi 2017 Serikali ilipozuia makinikia, ule mchanga wa dhahabu wa Bulyanhulu na Buzwagi, kusafirishwa nje, makontena 277 yalizuiliwa bandarini Dar es Salaam, na nchi nzima ikajadili mna nini ndani yake. Baadaye ikaundwa kampuni ya Twiga, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Hata Kanuni za Madini za mwaka 2018 zimezitaka kampuni za migodi zitoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Ilikuwa haki kuuliza. Lakini watu waliotaka kujua mna nini ndani ya kontena hawajataka kujua mna nini ndani ya sahani, ingawa hesabu ni ileile: kitu kimetoka katika ardhi ya mtu na jasho lake, kimeuzwa kwa bei kubwa, na jina lake limeachwa njiani.

Sisemi mikahawa ya fahari ifungwe. Nimekula humo na huenda nikala tena. Wala sisemi mgeni alazimishwe mlenda. Nasema yeyote anayeuza chakula cha mahali ana deni la mambo matatu. Kwanza, akiandike kwa jina lake: udaga uitwe udaga, na bada iitwe bada, kisha aeleze chini yake kwa lugha yoyote apendayo. Pili, amlete jikoni aliyekirithi, amlipe mshahara wa mpishi, asimwite kibarua wa kumenya. Tatu, anunue kwa mkulima wa jirani, ili bei ile kubwa irudi shambani japo kwa sehemu. Asiyeweza hayo na auze kuku wa kuchoma kwa amani, ila alifute neno "halisi" katika jalada lake la ngozi.

Na sisi washairi, tuliosifu pilau na biriani mpaka wino ukakauka, tuna deni letu. Langu naanza kulilipa hapa, kwa ubeti mmoja:

Chakula ukiandaa, kitajie lake jina,
Usikifiche kwa taa, wala sahani ya China,
Udaga uliokaa, juani ukakazana,
Na bada, tukikataa, ni ndugu wanafanana.

Mwenye ubeti wa pili na aulete.