Tuupime Mchaichai Tunaokunywa

Shina la mchaichai huota karibu na bomba la maji katika nyua nyingi, pwani na bara. Majani yanakatwa asubuhi, yanakunjwa fundo, yanaingia kwenye sufuria ya chai, na mambo yanaishia hapo. Lakini majani hayohayo yakishakaushwa, yakasagwa na kutiwa kwenye pakiti, yanaanza kutibu presha, kisukari, vidonda vya tumbo, unene na kukosa usingizi. Toleo hili linauliza nani aliyapima, na alipima nini hasa.

Tafiti zipo, tena nyingi. Shida ni kwamba nyingi zinapima mafuta ya mchaichai, si chai yake. Mafuta hayo yamejaa sitrali, kemikali inayoupa mmea harufu yake ya limau. Yakidondoshwa juu ya fangasi au bakteria kwenye kisahani cha maabara, vimelea vinakufa. Hilo ni kweli na lina faida yake. Ila tani moja ya majani mabichi hutoa kilo tatu hadi tano tu za mafuta. Mtu aliyechemsha majani matatu kwenye sufuria hanywi kile kilichotiwa kwenye kisahani, na anayemwandikia pakiti yake maneno ya maabara anamdanganya, hata kama hakukusudia.

Ndiyo maana nauthamini sana utafiti uliochapishwa Brazil mwaka 1986. Wabrazil nao huamini kwamba chai ya mchaichai hutuliza moyo na kuleta usingizi. Watafiti waliwachukua watu 50 wa kujitolea, wakawanywesha mchaichai na kinywaji kingine cha kulinganishia, na si wanywaji wala wapimaji waliojua nani kapewa kipi. Wale waliokuwa na wasiwasi mwingi wakapewa jaribio la kuwatia msukosuko. Matokeo: mchaichai haukuleta usingizi, haukupunguza wasiwasi, na haukuonyesha sumu. Wanasayansi wale walichukua kinywaji cha bibi zao kama kinavyonywewa, wakakipima kwa heshima, wakasema walichokiona. Utafiti unaosema "hapana" waziwazi ni mali, nasi huku tunauogopa mno.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 2009 yalichapishwa majaribio ya Afrika Kusini kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa na fangasi ya mdomoni. Mchaichai na maji ya limau vililinganishwa na jivii, ile dawa ya zambarau ya kupaka, na watafiti wakahitimisha kwamba mchaichai na limau vyote viwili vinafaa kutumika. Ugonjwa mmoja, wagonjwa halisi, dawa halisi ya kulinganishia. Hapo mchaichai ulipewa nafasi ya kujieleza.

Mwaka 2020 sisi huku Tanzania tuliipoteza nafasi kama hiyo. Wakati wa Korona majani ya mchaichai yaliingia kwenye nyungu za kujifukiza pamoja na mikaratusi na malimau. Mvuke hulegeza mafua, na nafuu hiyo si ya kubezwa. Lakini pua kuzibuka si kirusi kufa, na mtu anaweza kuunguzwa na mvuke huohuo. Tulipaswa kuyasema yote mawili kwa sauti moja.

Upande wa biashara, naamini fedha ya uhakika iko kwenye harufu. Kiwanda cha Wawi, Pemba, kilichozoeleka kwa kukeneka makonyo ya karafuu, hukeneka mchaichai pia. Majani hupakiwa kwenye tangi, mvuke hupita ndani yake, kisha hupozwa kwenye bomba. Mwishoni maji hutuama chini na mafuta ya manjano huelea juu. Hayapendi mwanga wala hewa: chupa isiyojaa, ikiachwa wazi, huharibu kazi ya miezi. Mnunuzi atauliza kiwango cha sitrali kabla hajataja bei, na mkulima asiye na cheti cha maabara hana la kumjibu.

Tena ana mshindani mkubwa. Sitrali hutengenezwa viwandani pia, na hutumika kwenye manukato, sabuni na hata kuundia vitamini A. Oktoba 2017 mtambo wa sitrali wa BASF ulipoungua huko Ludwigshafen, Ujerumani, kampuni ilitangaza kwamba kwa muda haiwezi kutimiza mikataba yake ya mauzo ya sitrali, na viwanda vya manukato na vitamini duniani vikatikisika. Mkulima anayehamasishwa kulima ekari nzima ya mchaichai ana haki ya kuelezwa habari hizi kabla ya kuelezwa habari za "dawa ya magonjwa mia."

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Muhimbili ina taasisi ya tiba asili yenye miongo kadhaa ya kazi. Vyombo tunavyo. Jarida hili nalo lina la kufanya. Kuanzia sasa hatutapokea tangazo la chai ya mitishamba inayodai kuponya ugonjwa bila ushahidi wa majaribio kwa binadamu. Na kila makala ya utafiti itakayoletwa kwetu ieleze: majani yalikuwa mabichi au makavu, gramu ngapi, maji kiasi gani, yalichemka dakika ngapi, na nani aliyanywa.