Mtaji Si Chanjo

Mkoa wa Njombe unasifika kwa rutuba yake: viazi, chai, mbao na, siku hizi, parachichi. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa nchi nzima walikuwa asilimia 4.4. Makambako, penye kituo cha TAZARA na njia panda ya kwenda Mbeya na Songea, wasafiri na wafanyabiashara hukutana usiku na mchana.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yametambua kuwa mawaidha peke yake hayatoshi. Huunda vikundi vya kuweka na kukopa, na hufundisha ufugaji wa kuku, ushonaji na utunzaji wa hesabu. Hoja yao ni nzito. Msichana mwenye kipato chake huweza kumkataa anayetaka kumnunua. Mwenye virusi aliye na chakula na nauli hakosi kliniki kwa urahisi. Naye anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Je, umaskini basi ndio chanzo? Tusiharakishe. Uchunguzi wa Tanzania Bara wa mwaka 2003–2004 uliwakuta wenye nacho wakiwa na maambukizi mengi kuliko maskini. Huko Limpopo, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2001 wanawake maskini walipewa mikopo pamoja na mafunzo juu ya UKIMWI na haki katika ndoa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa ukatili wa waume na wapenzi ulipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini maambukizi mapya miongoni mwa vijana wa vijiji hivyo hayakupungua.

Kwa hiyo, mtaji si chanjo. Mradi usipimwe kwa idadi ya cherehani zilizogawiwa. Yatupasa kuuliza: faida inashikwa na nani? Wangapi wamepima afya zao? Baada ya mwaka mmoja, wangapi wangali wanatumia dawa? Na hali ikoje katika kijiji cha jirani kisichopata mradi?

Maswali hayo ni ya kisayansi, na mwanafunzi wa sekondari aweza kuyaelewa. Walimu wa biolojia na hisabati wayafundishe pamoja. Kijana ajuaye kupima faida ya biashara yake ajue pia kupima ukweli wa ahadi anazopewa.