Kupangiwa, Kukabidhiwa na Kuchukua: Istilahi za Programu za Kusimamia Kazi za Pamoja

Utangulizi

Uundaji wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekwisha kupiga hatua. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuandaa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya aina hiyo ilihusu zaidi majina ya vitu na matendo ya mtu mmoja aliyekaa mbele ya mashine: faili, dirisha, kufungua, kuhifadhi. Programu za kusimamia kazi za pamoja, kama vile Jira iliyotolewa mwaka 2002 na Trello iliyotolewa mwaka 2011, zinaleta tatizo la namna nyingine. Hizi hutaja uhusiano baina ya watu: nani anampa nani kazi, kwa idhini ipi, na nani atawajibika isipokamilika.

Makala haya yanatetea hoja kwamba istilahi za programu hizo haziwezi kupatikana kwa kutafuta kisawe kimoja cha kila neno la Kiingereza. Budi kwanza litazamwe tendo lenyewe la kugawana kazi, kisha ndipo sarufi ya Kiswahili iachwe itoe tofauti ambazo lugha chanzi imezificha.

Asili ya ubao wa kazi

Nyingi ya programu hizi huonyesha kazi kama kadi zilizopangwa katika safu za ubao. Mpangilio huo unahusiana na kanban, utaratibu uliokuzwa na Taiichi Ohno katika viwanda vya Toyota nchini Japani baada ya Vita Kuu ya Pili. Neno hilo la Kijapani lina maana ya ubao wa tangazo. Kiini cha utaratibu wa Ohno ni kwamba hatua ya mbele ndiyo inayokwenda kuchukua kutoka hatua ya nyuma kile tu inachokihitaji, na kadi ndiyo inayotoa idhini hiyo. Kwa hiyo kazi haisukumwi kwa anayeifuata, bali yeye ndiye anayeivuta.

Programu za leo zimeurithi ubao na kadi, lakini zimeongeza jambo jingine: mtu mmoja anaweza kuliweka jina la mwenzake kwenye kadi, na mwenzake akapata taarifa baadaye. Kwa hiyo matendo mawili yanayopingana, kuvuta na kusukumiwa, yamefunikwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza.

Kauli za vitenzi na mamlaka

Kiswahili hakina haja ya kurithi ufinyu huo. Mfanyakazi akisema *nimepangiwa kazi*, mnyambuliko wa kutendewa unaonyesha wazi kwamba uamuzi ulifanywa na mwingine, na yeye hakuulizwa. Akisema *nimekabidhiwa kazi*, maana inabadilika: makabidhiano yana pande mbili, na katika ofisi nyingi huthibitishwa kwa saini ya anayetoa na ya anayepokea. Akisema *nimechukua kazi*, yeye mwenyewe ndiye mtenda.

Tofauti hizi si za mapambo. Kumbukumbu za ubao zaweza kutumika katika kupima utendaji wa mtu. Ikiwa programu itaandika kwamba Juma *amekabidhiwa* kazi, ilhali jina lake liliwekwa akiwa likizo, kumbukumbu itakuwa imemshuhudia kwa jambo ambalo hakulikubali. Vivyo hivyo, aliyejitolea kuchukua kazi iliyokosa mwenyewe hatambuliwi iwapo ubao utasema tu kwamba *alipangiwa*. Yafaa basi vitenzi vyote vitatu vitumike, kila kimoja mahali pake.

Upatanisho wa kisarufi

Tatizo la pili ni la kimuundo. Programu hujenga sentensi kwa kuunganisha vipande: jina la kitu huchomekwa mbele ya hali yake. Kwa Kiingereza neno la hali halibadiliki. Kwa Kiswahili kazi *imekamilika*, jukumu *limekamilika*, mradi *umekamilika*, na majukumu *yamekamilika*. Mtafsiri anayepewa orodha ya maneno yaliyotengwa na sentensi zake hana njia ya kujua kiambishi kipi kitahitajika. Dawa si kumlaumu mtafsiri, bali kudai apewe sentensi nzima, au nomino moja, yaani *kazi*, itawale upatanisho wote.

Pengine ingependekezwa kuyatumia maneno yasiyobeba viambishi, kama *bado* na *tayari*. *Bado* linafaa kwa safu ya kwanza, kwani likisimama peke yake halina utata. *Tayari* lina hatari: laweza kufahamika kuwa kazi imekwisha, au kwamba iko tayari kuanzwa. Aidha, kazi iliyovuka tarehe yake isiitwe *iliyopitwa na wakati*, kwani maana yake ni kazi isiyo na faida tena. *Iliyochelewa* yatosha.

Pingamizi

Wako wanaosema kwamba wafanyakazi wamekwisha kuzoea maneno ya Kiingereza, na kwamba istilahi mpya zitawachanganya. Hoja hii ina uzito kwa upande wa nomino. *Kadi* na *timu* ni maneno ya mkopo yaliyokwisha kukaa, na hakuna sababu ya kuyafukuza. Lakini mazoea ya afisa aliyesoma kwa Kiingereza si mazoea ya fundi, dereva au mtunza ghala aliye katika kikundi hicho hicho. Kikao kikiendeshwa kwa Kiswahili na maazimio yakaingizwa katika ubao kwa Kiingereza, baadhi ya waliokubaliana hawawezi tena kusoma walichokubali. Nchini Tanzania, ambako marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ni ajabu kwamba mgao wa kazi za siku ubaki katika lugha nyingine.

Hitimisho

Vyombo vinavyosanifu istilahi, BAKITA na TATAKI vikiwamo, vingefanya vema kuanza na karakana, wodi na ghala, ambako watu hugawana zamu kila siku kwa Kiswahili bila kusubiri kamusi, na kukusanya vitenzi vinavyotumika huko kabla ya kupendekeza vipya. Wanafunzi wa uzamili nao wana uwanja mpana wa utafiti hapo. Lengo lisiwe kuzipamba programu kwa Kiswahili, bali kuhakikisha kwamba mtu anaposomewa kazi aliyoshindwa kuikamilisha, maneno yanayosomwa yanaeleza kwa haki jinsi kazi hiyo ilivyomfikia.