Kabla ya kusema ovahoo, funga geji ya vakyumu

Bandugu wa garaji, pamoja na ninyi mnaotununulia masanduku ya spana, leo tuongee kuhusu kitu kidogo chenye sindano moja: geji ya vakyumu, kipimo cha mvuto wa hewa ndani ya injini. Mimi naona hivi: kijana asipewe cheti cha ufundi wa magari ya petroli kama hajawahi kuifunga na kuisoma kwa mkono wake.

Najua wengi wenu mmeiona kwenye dashibodi kama urembo tu. Kuna hata anayefunga geji ya tabo kwenye Probox isiyo na tabo, na nusu ya namba zile sindano haitazigusa mpaka gari life. Injini isiyo na tabo haisukumiwi hewa, inaivuta yenyewe. Pistoni zikishuka huku kipepeo cha throto kimefunga, ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto mkubwa. Huo ndio tunaoupima. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, kipepeo kinafunguka na sindano inaanguka karibu na sifuri.

Kuifunga si kazi ya siku nzima. Tafuta mpira mdogo wa mvuto unaotoka kwenye manifoldi, baada ya throto, si kabla yake, ukate uweke tii. Mpira wa kwenda kwenye geji uwe wa kuta nene, usiojibana wenyewe. Kama geji itakaa ndani, upitishe mbali na ekzosi, na pale unapopenya bati weka raba usije ukakatwa. Mpira wa busta ya breki uache kabisa: ukivuja, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na hapo tunaongea mambo ya roho za watu, si injini tena.

Sasa njoo kwenye kusoma, maana hapa ndipo tunaharibu. Vitabu vinasema injini nzima, ikishapata moto na ikiwa sailensi, isome inchi 17 hadi 22 za zebaki. Sawa, lakini hiyo ni kando ya bahari. Kila mita 300 unazopanda, toa karibu inchi 1. Mbarara iko juu ya mita 1,400 na Goma iko karibu mita 1,500. Kwa hiyo injini ambayo Mombasa ingesoma 19, huku kwetu itasoma 14 na kitu, na haiumwi chochote. Kijana aliyekariri kitabu ataona 14, atasema ringi zimekwisha, na dereva wa teksi ataenda kukopa kwenye kikundi cha akiba alipie ovahoo ambayo gari halikuihitaji. Habari zikifika stendi, hakuna atakayetaja jina la fundi mmoja. Watasema "hawa mafundi wakimbizi".

Ndiyo maana nasema tufundishwe kutazama mwendo wa sindano kuliko namba. Ikitulia, vizuri. Ikidondoka kidogo kwa mpigo ule ule, tak, tak, tak, shuku valvu iliyoungua. Ikikaa chini sana bila kutikisika, tafuta kwanza hewa inayovuja kwenye gasketi au mpira uliopasuka, kisha angalia taimingi. Pandisha mlio mpaka mizunguko kama 2,500 na ushikilie hapo: sindano ikizidi kushuka polepole, huenda ekzosi imeziba. Hakuna kati ya hayo kinachoanza kwa kufungua injini.

Wengine mtasema skana ipo. Ipo, na ni nzuri. Lakini skana inakuletea maneno ya sensa, na valvu iliyoungua haina sensa yake. Halafu skana ya mradi ni moja, inakaa kabatini, na ufunguo anao mkufunzi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga mafunzo: kwenye kila sanduku la vifaa weka geji moja, tii mbili tatu na mita mbili za mpira. Bei yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na skana. Na mkufunzi achomoe mpira mmoja makusudi, injini ianze kutapatapa, wanafunzi wauone mshale unavyoshuka kabla ya kuambiwa kwa nini. Nasi vijana tuandike kwa maka pembeni ya kioo kimo cha mahali tulipo na namba inayotegemewa hapo.

Kitu kimoja tu, msije kunilaumu: msiende kuijaribu kwenye Land Cruiser za dizeli za mashirika. Dizeli nyingi hazina kipepeo cha kubana hewa kama petroli, na mvuto wa breki zake unatoka kwenye pampu. Sindano italala sifuri na gari ni zima.